Mstari Mwekundu wa Ineza

Hakulia. Alisimama mbele ya televisheni iliyotundikwa ukutani, akasoma herufi mojamoja kwa midomo mpaka jina la mwanawe likakamilika. Kisha akapandisha mkono wa blauzi na kujishika juu ya kiwiko, mkono wa kushoto, kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepima unene wa kuni. Akabaki hivyo. Kwenye kioo jina la Ineza lilikuwa jekundu. Nyuma yake benchi zima la akina mama liliinamisha vichwa.

Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilimwona, nikauona hata ule mkono, na sikuelewa chochote. Nilidhani ameumwa na mbu.

Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka 2017, katika kituo cha kupokea wakimbizi kando ya barabara, karibu na Benaco. Nilizaliwa Nyamigogo, si mbali na hapo, mwaka uleule ambao vilima vya Benaco vilifunikwa na wakimbizi wa Rwanda, na nimekua nikisikia habari za kuni zilizokwisha na mahema yaliyofika hadi upeo wa macho. Nilipomaliza chuo Dodoma na kusikia kwamba shirika moja linatafuta mtu wa kompyuta Ngara, kwa ajili ya Warundi waliokuwa wakivuka mpaka tangu mwaka 2015, niliomba kazi siku hiyohiyo. Niliamini kwamba kama umati ule wa zamani ungekuwa na mfumo mzuri, hakuna mtoto ambaye angepotea. Niliamini hivyo kwa moyo wote. Mama alinifungia mahindi ya kuchoma ya njiani, akaniambia nisimwamini mtu asiyekula mbele za watu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu akifika kituoni na kusema amepoteza ndugu, jina la ndugu huyo linatumwa kwenye kompyuta za makambi mengine, hasa Kibondo, ambako wengi walipelekwa kwa mabasi. Huko programu inalitafuta jina, na jibu linarudi. Niliiandika programu ile ndani ya miezi mitatu, katika chumba chenye joto la tanuri.

Programu ya seva, kompyuta inayohudumia nyingine, haina uso. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Inafanya kazi peke yake, na njia pekee ya fundi kujua inafanya nini ni mistari ya maandishi ambayo inaitoa mmojammoja: nimepokea, nasubiri, nimeshindwa. Mistari hupita kwa maelfu na yote ina rangi moja, mpaka jicho linachoka kama linatazama mvua. Kwa hiyo mafundi hutengeneza vifurushi vidogo vya msimbo, ambavyo sisi tunaviita maktaba, vya kuipaka mistari hiyo rangi. Sikuchukua kifurushi cha mtu. Niliandika changu, nikakilea kama mtu anavyolea bustani ya maua mbele ya nyumba ya udongo. Kijani, ujumbe umefika. Njano, ujumbe unasubiri. Nyekundu, ujumbe umekwama njiani. Ujumbe, si mtu. Kila mstari ulibeba jina la anayetafutwa ili nijue wapi pa kurekebisha.

Bosi wetu, Xavery, aliiona mistari hiyo ikipita kwenye kompyuta yangu siku moja akasimama kama mtoto mbele ya duka la pipi. Kesho yake fundi alikuja na televisheni, akaitundika kwenye ukumbi wa kusubiri.

"Bosi, ile si ya watu," nilimwambia. "Ni mazungumzo yangu na mashine."

"Zita, umetuletea disko halafu unataka tucheze gizani? Wageni wakija lazima waone kitu kinachotembea."

Nilimwandikia mara mbili, kwa heshima, kumwomba aiondoe. Mara ya tatu nilimwendea ofisini. Alinisikiliza vizuri sana, akanisifu kwa uadilifu wangu, na televisheni ikabaki.

Halafu mvua zikaja, na mtandao wa Ngara ukawa wa kuotea. Simu ilikatika kabla hujamaliza salamu. Ujumbe wa kwenda Kibondo ulijaribu kutoka, ukashindwa, ukajaribu tena, ukashindwa tena, na kila uliposhindwa programu yangu iliandika jina kwa uaminifu wake wote, kwa rangi nyekundu. Nilikuwa nikipanda juu ya tangi la maji kugeuza antena. Nilikuwa nikigombana na watu wa mtandao kwa simu isiyosikika. Sikuwa na nafasi ya kutazama nani amekaa kwenye benchi.

Yule mama aliitwa Consolatha, lakini kituoni kila mtu alimwita Mama Ineza. Walipovuka mpaka alikuwa na homa kali, wakamlaza kliniki. Mtoto, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka sita, alipandishwa basi pamoja na familia ya jirani kwa sababu mtu fulani alidhani ni wao. Mama alipoamka basi lilikuwa limeondoka. Kila asubuhi alikuja ukumbini, akakaa mwisho wa benchi, akatazama kioo. Kisha ikaja asubuhi ya ule mkono. Baada ya hapo hakuja tena.

Nilimuuliza mwalimu Sindayigaya, mkalimani wetu. Alikuwa mkimbizi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi huko Muyinga kabla ya yote haya, na hakuwahi kuacha kutembea na chaki mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona Mama Ineza haonekani?"

"Marahaba. Usimwite hivyo tena, utamuumiza. Yuko kwenye ikiriyo. Ninyi mnasema matanga."

"Amefiwa na nani?"

Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililoandikwa ubaoni. "Binti, si ninyi mliotangaza?"

Nilipozidi kushangaa hakunieleza. Alinishika kiwiko akanipeleka kwenye hema la kliniki ya watoto. Muuguzi alikuwa akiwapima. Alichukua utepe mwembamba wa plastiki, akauzungusha kwenye mkono wa mtoto mmoja, juu ya kiwiko, mkono wa kushoto, akauvuta kidogo na kusoma. Mama wa mtoto hakumtazama muuguzi usoni. Alitazama utepe. Ulikuwa na sehemu tatu. Kijani, mtoto ana afya. Njano, mtoto yuko mashakani. Nyekundu, mtoto anakufa.

"Hapa kambini hakuna mama asiyeujua," mwalimu alisema. "Kusoma hawajui wote. Utepe wanaujua wote."

Nilitoka nje ya hema. Jua lilikuwa kali na sikuwa na pa kuliepuka. Wiki zote zile, benchi zima lilikuwa likisoma kioo changu kama utepe. Wenye majina ya kijani walikuwa wakirudi mahemani kupika. Wenye njano waliomba sala. Na hakuna hata mmoja aliyetuuliza lolote, maana nani anauliza utepe?

Tulikwenda kwa Consolatha. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wanne. Mbele yao kulikuwa na sufuria ya uji uliopoa. Jirani mmoja alinisogezea nafasi kwa adabu ya msibani, na hiyo ndiyo iliyonivunja nguvu, kwamba nilikaribishwa kama mfiwa.

Nilieleza. Kisubi changu, lugha ya kwetu, na Kirundi chao si mbali, lakini maneno ya kazi yangu hayamo katika lugha yoyote kati ya hizo, kwa hiyo mwalimu alitafsiri. Nilisema ile nyekundu ni ya ujumbe uliokwama, kama barua iliyonaswa na mvua. Nilisema mtoto hajulikani aliko, ndivyo ilivyo, lakini kutojulikana si kufa. Nilisema yote kwa mpangilio. Nilitetea hoja yangu vizuri kuliko nilivyofanya siku ya kutetea mradi wangu chuoni.

Consolatha alisubiri nimalize.

"Mdogo wake Ineza aliugua tulipokuwa njiani," alisema. "Daktari aliniambia, mama usiogope, atapona. Muuguzi akasema, atapona. Kila mtu alikuwa na neno zuri. Utepe ulikuwa mwekundu." Alinyoosha kitenge magotini. "Watu wa ofisini mna huruma, binti. Mungu awabariki. Lakini rangi haina huruma, ndiyo maana naiamini."

Mwalimu alinitafsiria. Tulipokuwa tunaondoka, jirani alitunong'oneza kwamba Consolatha amejiandikisha kurudi Burundi. Mabasi ya wanaorudi kwao kwa hiari yangetoka Kibondo siku ya Alhamisi, yapitie kwetu kuongeza watu, kisha mpakani. Hakuwa na wa kumsubiri tena.

Nilihesabu barabara kichwani. Mabasi yangetoka kule aliko mtoto, kama yuko, yamchukue mama, yampeleke mbali naye zaidi. Na yakishavuka, jina la mama lingetoka kwenye mfumo wangu. Mtoto angebaki na swali ambalo hakuna mtu anayesubiri jibu lake.

Ilikuwa Jumanne. Nilikwenda kwa Xavery nikamweleza bila kupumua. Kusema kweli alishtuka. Alikuwa mtu mwema, na huo ndio uchovu wa kufanya naye kazi, kwamba huwezi hata kumchukia.

"Basi weka kijani," alisema.

"Nini?"

"Jina lake. Lipake kijani, mama aone, atulie, asipande basi. Si mstari mmoja tu huo?"

Ulikuwa mstari mmoja tu. Nilirudi chumbani nikaufungua msimbo, nikauona mahali ulipo. Kazi ya nusu dakika. Mama angerudi kwenye benchi lake, angeacha kujipima mkono. Na kama mtoto hayuko Kibondo? Kama hayuko popote? Ningekuwa nimekichukua kitu pekee hapa duniani ambacho mama yule alikiamini kuwa hakimdanganyi, nikakifundisha kudanganya. Nilikaa mikono ikiwa juu ya vitufe mpaka chumba kikawa na joto la kuchemsha chai. Kisha nikafunga bila kugusa, nikaenda ukumbini nikachomoa waya wa televisheni.

Nilidhani nimefanya jambo jema. Ukumbi ulichafuka. Wanawake walisimama. Mzee mmoja, Habonimana, ambaye alikuwa akimtafuta mkewe na ambaye jina la mkewe lilikuwa kijani tangu Jumatatu, alinifuata mpaka mlangoni na fimbo yake. Alisema kwa Kiswahili, ili nisije nikasingizia kutosikia, "Umemfungia mke wangu kwenye giza." Nilirudisha waya. Mistari ikaendelea kupita, kijani, njano, na ile nyingine.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda Nyakanazi, kwenye njia panda ya Kibondo. Pale mtandao ulikuwa unashika. Jumatano asubuhi nikapanda lori la Anatory, dereva aliyekuwa akileta mafuta ya jenereta yetu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na barabara ile ilimpa muda wa kuyasema yote.

"Injinia, kompyuta zote zile, halafu tunakwenda kupiga simu?"

"Tunakwenda kupiga simu, kaka."

"Ningekuwa mimi serikali ningewapa njiwa."

Nilikuwa naona ana haki.

Nyakanazi ilikuwa kama kawaida yake, malori ubavu kwa ubavu, moshi wa mishikaki, makondakta wakigombania abiria wa Kahama na wa Bukoba. Tuliketi kwenye kibanda cha chai. Nikapiga Kibondo. Aliyepokea aliitwa Modestus, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula karanga.

"Dada, majina yanakuja kwa mfumo," aliniambia.

"Mfumo umekwama, kaka. Mimi ndiye niliyeutengeneza, naujua. Nakuomba utoke hapo ulipo, uende kwenye mahema ya watoto, utazame kwa macho."

"Mimi siwezi kupokea mtu kwa simu. Mfumo wenu ndio uliokataza."

Naye alikuwa sahihi. Kanuni ile niliiandika mimi, ili kuzuia makosa. Nilimbembeleza, nikamtishia kwa cheo ambacho sina, nikamuuliza kama ana watoto. Mwisho alisema atatazama na akakata. Tulikunywa chai mpaka mwenye kibanda akaacha kutuuliza kama tunaongeza. Alasiri ikawa inakwisha alipopiga.

"Nina Ineza watatu hapa. Unataka yupi?"

"Yule asiye na mama."

"Dada, wote watatu hawana."

Nikamwambia awaulize mama zao wanaitwa nani. Nilisikia akiuliza, na vijisauti vikijibu mbali. Alirudi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anakula chochote.

"Wote wanasema mama anaitwa Mama Ineza."

Nilifunika uso kwa kiganja. Katika fomu yangu nilikuwa nimeweka jina, umri, jinsia, kata, wilaya. Sikuwa nimeweka hata nafasi moja ya kitu ambacho mtoto wa miaka mitano anakijua. Na mimi mwenyewe, kwa haraka zangu, sikuwa nimemuuliza mama alama yoyote. Simu ya kituoni haikupatikana. Anatory ndiye aliyetoa simu yake mfukoni akaiweka mezani kando ya yangu, akasema, "Turekodi wote. Mama atachagua mwenyewe."

Tukarekodi, simu yangu ikipaza sauti, yake ikisikiliza. Modestus alimweka kila mtoto mbele ya simu na kumwambia aseme lolote kwa mama yake. Sikuomba waseme kitu maalumu. Nilichoka kuamua watu waseme nini.

Tulilala Nyakanazi, maana tairi ya lori ilihitaji fundi. Asubuhi, kabla hatujaondoka, msafara wa mabasi kutoka Kibondo ulisimama pale njia panda kuweka mafuta. Nilimkimbilia msimamizi, nikamwomba anipe nafasi ya kusimama tu, mpaka Benaco. Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye shati safi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Jina lako halimo kwenye mfumo, dada," alisema, na mabasi yakaondoka.

Siku hizi nafanya kazi Mwanza, naandika programu za bohari ya dawa, na vijana ninaowafundisha hucheka kwamba mistari yangu yote ni myeupe. Ninawaambia jicho langu limezoea. Sijawahi kuwasimulia ile safari, Anatory akiwa ameinama juu ya usukani bila neno hata moja kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, vumbi la msafara likiwa mbele yetu kila tulipopanda kilima, na kila tukifika juu vumbi liko kwenye kilima kingine.

Tulipoingia kituoni mabasi yalikuwa yamejaa na injini zinanguruma. Ukumbini kioo kilikuwa kikionekana kwa dirisha, na sikuwa na haja ya kutazama jina gani lina rangi gani. Mwalimu Sindayigaya alikuwa amesimama mlangoni mwa basi la pili, anajadiliana na kondakta kuhusu jambo lisilo na maana hata kidogo, kwa Kirundi kirefu cha darasani, na nikaelewa kwamba amekuwa akilichelewesha basi hivyo kwa muda mrefu.

Consolatha alikuwa kiti cha dirishani, godoro limekunjwa magotini, sufuria juu yake. Nilimpa simu ya Anatory kupitia dirisha. Nilibonyeza tu.

Mtoto wa kwanza alilia, alilia tu, mpaka Modestus akamtoa. Consolatha alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyonisikiliza mimi, kisha akatikisa kichwa. Wa pili alisalimu vizuri, akataja jina lake na darasa lake, akashukuru. Abiria wa kiti cha nyuma alitabasamu. Consolatha alitikisa kichwa tena, akanyoosha mkono kunirudishia simu.

"Bado mmoja," nilisema.

Wa tatu hakusema. Ilisikika sauti ya Modestus ikimhimiza, na mtu akipita na ndoo. Dereva alipiga honi. Nilimwona mwalimu akiweka mguu wake kwenye ngazi ya basi ili mlango usifungwe. Kisha kijisauti kikaja, kizito cha mafua, kwa Kirundi, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza jambo baya.

"Kandambili moja ilidondoka kwenye basi. Sikuitupa mimi. Mwambieni asinichape."

Rekodi ilikuwa imekwisha. Consolatha aliendelea kuishika sikioni, macho yake yakiwa kwenye kiti cha mbele. Kondakta alikuja akasema kwa hasira ya uchovu kwamba anayeshuka ashuke, anayekwenda akae.

Alisimama. Akanipitishia sufuria dirishani, kisha godoro, ambalo lilikwama, tukalivuta pamoja mpaka likatoka. Alipotokea mlangoni, mwalimu akampa mkono, na yeye akashika upindo wa kitenge kwa mkono mwingine na kunigeukia. Uso wake ulikuwa umekunjamana, kama wa mama yeyote aliyeletewa mashtaka ya mtoto.

"Hakusema ni ya mguu gani?"